Nilirudi huku nakiona kilele. Nikajaribu tena peke yangu?

Mguu_Mzito:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa waliowahi kupanda milima yenye msitu mnene, si ile yenye njia zilizofagiliwa.

Mwezi uliopita mimi na rafiki yangu tulijaribu mlima mmoja ambao njia yake inaonekana haijapitwa na watu muda mrefu. Kwenye ramani ni kilomita 6 mpaka kileleni na unapanda mita 900. Nikajisemea, kilomita 6 kitu gani bwana! Tukaanza saa 2 asubuhi. Baada ya saa moja njia ikaanza kumezwa: vichaka vya kufika kifuani, magogo, miiba inayong'ang'ania begi kama mtu unayemdai. Saa 8 mchana tukatokea kwenye mgongo wa mlima. Kilele hiki hapa, labda mita 150 juu yetu. Mwenzangu akasema tugeuke. Nilinuna, ila tukageuka.

Balaa likaja kwenye kushuka. Kuna gogo kubwa asubuhi tuliliruka. Jioni tukalizunguka kwa chini, na njia ikapotea hapo hapo. Tulihangaika saa nzima na nusu. Tulitoka msituni usiku tukimulika kwa simu yenye chaji asilimia 9.

Sasa mwenzangu hataki kusikia habari za mlima, na mimi roho haijatulia. Naweza kwenda peke yangu? Nibebe panga? Na mtu anafanyaje asipotee mahali ambapo kila mti unafanana na mwenzake?

Simba_wa_Sebuleni:
Nenda mkuu. Mita 150 ni kama kupanda ghorofa tu, usirudishwe nyuma na mtu mwoga.

Kijiti_na_Dira:
Ghorofa 50 hizo, Simba, tena baada ya saa sita za kupigana na vichaka. Lete sebule yako tuipandishe huko.

Mguu_Mzito, kosa lenu lilikuwa hesabu, na mlilifanya kabla hamjafunga kamba za viatu. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892: weka saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mlima wako inakuja kama saa 2 na dakika 40. Ila hiyo ni ya mtu mwenye pumzi, kwenye njia safi, bila kupumzika. Kwenye njia iliyofungwa mimi huzidisha mara mbili na bado naona nimejipendelea. Ninyi saa sita ziliisha na kilele hamjafika. Basi hiyo ndiyo kasi yako halisi kwenye mlima ule, ipangie safari.

Anza kukipambazuka, saa 12. Saa ya kugeuka ipange ukiwa nyumbani, mwandikie mtu unayemwamini, na ikifika geuka hata kama kilele unakigusa kwa fimbo. Msituni giza linawahi kuingia kuliko uwandani, matawi yanakula mwanga. Na tochi ya kichwani haina mjadala, pamoja na betri za akiba. Simu si tochi.

Mama_Buti:
Mdogo wangu, pole. Hilo gogo lako nalijua ingawa sijawahi kuliona. Karibu kila anayepotea kwa kushuka hupotelea kwenye kitu alichokizunguka.

Dawa yake ni kugeuka nyuma mara kwa mara wakati wa kupanda. Njia unayoipanda na ile utakayoishuka kwa macho ni njia mbili tofauti. Ukifika kwenye gogo, kijito au njia panda, simama, tazama ulikotoka, piga picha ya upande huo. Mimi hufunga pia vipande vya utepe wa rangi kali na kuvihesabu. Nikishuka navifungua kimoja kimoja. Nikikosa namba 7, najua sijapita kwenye namba 7, narudi juu mpaka namba 8. Sibahatishi kuteremka.

Halafu sikiliza mguu. Njia iliyofunikwa na majani bado ni ngumu chini, imekanyagwa miaka na miaka. Ukitoka pembeni ardhi inabonyea kama godoro. Mara nyingi mguu hujua umepotea kabla ya jicho. Angalia na matawi: njia ya wanyama iko wazi magotini lakini imeziba kifuani. Ya watu utaona visiki vya vijiti vilivyokatwa kwa mshazari, hata kama ni vya zamani na vimeota ukungu.

Mguu_Mzito:
Aisee! Nakumbuka kweli ardhi ilikuwa inabonyea, nikadhani ni mvua. Tena tulikuwa tunainama muda wote. Tulifuata njia ya nguruwe bila kujua.

Kuna mtu alinishauri nikipotea nifuate kijito, eti maji hufika kwa watu.

Kijiti_na_Dira:
Maji yanafika. Wewe je? Maji huanguka kwenye maporomoko bila kuvunjika mguu. Kijito cha mlimani kinakupeleka korongoni, kwenye vichaka vizito zaidi na mawe ya utelezi. Ukipotea simama, kunywa maji, kisha rudi mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika. Kama huwezi, kaa hapo hapo. Filimbi: mipulizo 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukijibiwa mipulizo 3, umesikika.

Na pakua ramani kabla ya kuondoka. Simu haihitaji mtandao kupokea mawimbi ya setilaiti na kukuonyesha ulipo, ila chini ya miti minene alama yako kwenye ramani huweza kurukaruka mita kadhaa, kwa hiyo usiiamini kuliko mguu aliousema Mama Buti.

Fundi_Panga:
Kuhusu panga, jina langu lisikudanganye. Kwenye misitu mingi ya hifadhi kukata ni kosa, uliza kwanza. Hata panaporuhusiwa, mkono uliochoka na mpini uliolowa ni njia fupi ya kujikata muundi. Beba glavu ngumu, vaa mikono mirefu, tumbukiza suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Vichaka visukume kwa fimbo na upite. Ukisukuma tawi, usiliachie likampige wa nyuma.

Mama_Buti:
Wa nyuma awepo, hilo ndilo jibu la swali lake la kwanza. Kifundo kikiteguka kwenye njia isiyopitwa na watu, nani atakuja kukuta? Nenda na wawili kama unaweza. Na koti la mvua libebe hata jua likiwaka, maana kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kama nyuzi 6, na nguo ya pamba ikilowa vichakani hukauki mpaka nyumbani.

Mguu_Mzito:
Asanteni sana wakuu. Nimemtumia mwenzangu uzi huu, ameusoma wote. Anasema atakuja kwa sharti moja: saa ya kugeuka aishike yeye, na mimi nisinune.

Mama_Buti:
Mpe saa.