Mjadala: Wapishi wa ufukweni Mikindani wabaki karibu na majumba ya kale, au wahamie banda moja?

Mwanzisha mada: Mgeni akiuliza wapi pa kula Mikindani, mji wa kale karibu na Mtwara, wenyeji humwonyesha njia mbili. Apande Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. Au ashuke ufukweni kwa mama lishe na wachoma samaki, ale wali wa nazi na changu huku akitazama ghuba. Ubishi uko kwenye hii ya pili. Wapo wanaotaka wapishi wote waondoke kwenye kuta za kale, wakusanywe banda moja lenye sakafu ya saruji. Wapo wanaosema ukiwahamisha, chakula chenyewe kimekufa. Wanaoijua kazi waseme, na waseme kwa vipimo.

Fundi Chokaa: Mimi nataka waondoke kutani, si waondoke Mikindani. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa, ndiyo maana umedumu. Watu wanalaumu moshi. Kweli masizi yenye mafuta huziba matundu ya chokaa, lakini hayo yanasafishika na kupakwa upya. Adui hasa ni maji ya kuoshea samaki. Yakimwagwa chini ya ukuta kila jioni, chumvi hupanda na unyevu, hukaukia ndani ya lipu, hugeuka chembe ngumu na kuisukuma lipu nje. Kwanza utaona unga mweupe usawa wa goti, halafu maganda yanadondoka. Hapo anatokea mtu mwenye nia njema anaziba kwa saruji! Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu unakwama, unatafuta njia juu zaidi, na jiwe linasagika nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Ninachodai ni kidogo: jiko mita 3 kutoka ukutani, maji machafu yaingie pipani, na kuni zisiegemezwe ukutani.

Bi Pweza: Kaka Fundi, mita 3 nakubali. Banda ndilo silikubali mpaka niambiwe litakaa wapi. Pweza hafuati saa za soko. Huja kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakikupwa hadi mwamba unabaki wazi. Maji mafu yakiingia, yale yasiyokupwa sana, unaweza kukaa siku kadhaa na sufuria tupu. Akitoka mwambani anapigwa hapo hapo mpaka minyiri ilegee, anasuguliwa ute utoke, anaingia jikoni. Usimjazie maji, maana anatoa yake mwenyewe. Wa kilo moja na nusu anataka dakika 45 hadi saa nzima, moto wa wastani, chumvi na ndimu mwishoni. Wa kilo 2 atakurudia karibu kilo 1, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kukata vipande. Chini ya nusu kilo sheria inakataza kumvua, na hata nyama hana. Wapishi wageni wanamwopoa dakika ya 20, wakati ndiyo amekaza kuliko alivyoingia, kisha wanamlaumu mvuvi. Sasa mteja wa supu ni mvuvi anayeshuka chomboni na abiria wa daladala ya Mtwara. Hao hawatembei mita 500 kufuata bakuli.

Afya Kwanza: Kuta zimetetewa, supu imetetewa. Barafu haijatajwa na mtu. Kwa joto letu, kilo moja ya samaki inataka karibu kilo moja ya barafu, tabaka kwa tabaka, maji ya barafu yakichuruzika. Jodari, nguru na vibua vikikaa vuguvugu saa kadhaa hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na histamini haiondoki kwa moto. Mlaji anawashwa, uso unamwiva, kichwa kinamgonga ndani ya saa moja, naye anasema ni pilipili. Jodari akikuchoma ulimi kabla hujaonja pilipili, mteme. Banda lisilo na barafu ni jua lile lile chini ya bati. Na kunawa je? Ndoo ya lita 20 yenye koki, kila mtu akitumia nusu lita, inatosha watu 40. Meza moja yenye shughuli itahitaji zaidi ya ndoo hiyo.

Wa Shangani: Hata soko la samaki la Feri, Mtwara mjini, kuwa na paa hakumsafishi samaki. Fungua shavu: liwe jekundu, lisiwe la kahawia. Ukikuta damu imeganda kwenye uti na mifupa imevunjika huku ngozi ni nzima, huyo amepigwa baruti. Mwache.

Ming'oko na Pilipili: Mnaongea kama Mikindani inakula samaki tu. Ming'oko (mizizi ya porini), kisamvu, ugali wa makopa na choroko za nazi havihitaji pwani. Ming'oko huchemshwa muda mrefu na huliwa kwa chumvi na pilipili popote. Basi wagawanywe: wa nchi kavu waende bandani, wa samaki wabaki.

Bi Pweza: Hapana, ndugu yangu. Mteja anachukua ugali kwa huyu na mchuzi kwa yule, sahani moja kutoka meza mbili. Ukiwatenganisha, wote wawili wanakosa.

Fundi Chokaa: Dada, hoja ya sahani moja imenishinda. Basi iwe paa wazi hapo hapo ufukweni, nguzo za mbao, bila ukuta, na lisiezekwe makuti juu ya majiko ya kuni, cheche moja inatosha. Ila pipa la lita 200 likijaa jioni, nani analimwaga na wapi? Likirudishwa chini ya kuta usiku, hatujafanya kitu.

Bi Pweza: Zamu, kila meza siku yake, na shimo la mchanga na kokoto lichimbwe mbali na kuta na mbali na visima. Asiyeshika zamu asiwashe moto kesho yake.

Afya Kwanza: Na sanduku la barafu liwe la pamoja. Bila hilo sikubali.