Programu ya kusimamia miradi kwa kikundi cha watu saba

Muulizaji, Kampala
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Tunafunga pampu za maji za sola: wanne tuko ofisini Kampala, na mafundi watatu hushinda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ambako mtandao hudhoofika kadiri gari linavyouacha mji wa Moroto. Kazi yote tunaiendesha kwa WhatsApp, na mwezi uliopita paneli zilifika kijijini kabla kisima hakijapimwa, kwa sababu ujumbe wa fundi ulifunikwa na jumbe nyingine nyingi. Nimeangalia Trello, Asana na GanttProject. Tuchague ipi, ikiwa hatuwezi kumlipia kila mtu kwa dola kila mwezi?

Mchangiaji, Mbale
Ndugu, tazama kwanza umbo la kazi yenu. Pampu haichaguliwi mpaka ijulikane kisima kinatoa maji kiasi gani kwa saa, na idadi ya paneli haijulikani mpaka pampu ichaguliwe. Kila hatua inaingoja iliyotangulia. Kwa kazi ya namna hiyo GanttProject inafaa sana, kwani ni ya bure, hukaa kwenye kompyuta bila kuhitaji intaneti, na ukisogeza tarehe ya kupima kisima, hatua zinazoitegemea husogea pia. Udhaifu wake ni kwamba mpango hukaa katika faili moja, hivyo lazima mmoja wenu akabidhiwe jukumu la kulitunza.

Mchangiaji, Gulu
Hoja ya mfuatano wa hatua ni ya kweli, lakini fundi aliye juu ya tangi hatafungua kompyuta. Mpeni Trello kwenye simu, ambayo ni ubao wa kadi zinazohamishwa kutoka safu hadi safu: kadi moja kwa kila kisima, safu moja kwa kila hatua. Akibadilisha kitu mahali pasipo mtandao, simu hukihifadhi na kukituma mtandao ukirudi. Toleo la bure litawatosha. Sisi tulishindwa mara ya kwanza kwa sababu tulimtaka kila fundi ajaze maelezo mengi jioni akiwa amechoka. Tulipobakiza tarehe, picha moja na kipimo cha maji, wakaanza kujaza wenyewe. Tena, ofisi igharimie bando lao. Tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12, na si haki fundi aubebe mzigo huo mfukoni mwake ili ofisi ipate taarifa.

Muulizaji, Kampala
Nawashukuru sana. Suala la bando sikuwa nimelifikiria kabisa, nami naona hapo ndipo tulipowakosea mafundi wetu. Tutajaribu Trello kwa visima viwili vya mwezi ujao, na mimi nitatunza ratiba katika GanttProject hapa ofisini. Gari la paneli halitaondoka Kampala kabla kadi ya kisima haijaonyesha kipimo cha maji.