Mjadala: Kabare, nje ya mji wa Bukavu huko Kongo, ingoje nyaya za moto (umeme) au inunue pano za jua (sola)?

Mwana Kabare: Bwawa la Ruzizi I linatoa moto tangu 1958, Ruzizi II tangu 1989. Nyaya zinapita juu ya mihogo yetu kwenda mjini, sisi tunalipa jirani mwenye pano atuchajie simu. Basi tuache kungoja, kila nyumba inunue pano yake.

Fundi wa Nguba (mtaa wa Bukavu): Ndugu, nimefunga pano nyingi huko. Kinachowashinda ni batri. Mtu ananunua batri ya gari iliyochoka, anawasha televisheni hadi usiku wa manane, kila siku batri inaisha kabisa. Ikifa, analaumu jua. Na kinu cha kusaga mihogo utakiendesha kwa pano ya wati 50? Tafuteni kijito, mweke turbini ndogo, mashine ya kuzalisha moto kwa maji, ya kijiji kizima. Shida moja tu: kitu cha pamoja kijijini, kesho waya umeibiwa.

Mwana Kabare: Wezi ni sisi? Na chupa za plastiki zinazoziba turbini za Ruzizi, zinatoka Kabare? Mnajizimia moto wenyewe, halafu mnatufundisha.

Mama wa Kadutu (Bukavu pia): Taratibu, papa. Mvua ikinyesha, taka zinashuka na mto Kawa hadi ziwani. Kwenye mitelemko yetu gari la taka lipite wapi? Tuzimeze? Na kasiksi yenu, pombe ya ndizi, inayoteremka mjini, inakuja kwenye chupa gani?

Mwana Kabare: Inakuja kwenye bidoni (dumu). Bidoni ya njano, mama, tena inarudi kijijini. Mnakunywa bila hata kuangalia.

Mpenda Sheria: Turudi kwenye mada. Sheria ya umeme ya Kongo ya 2014 ilifungulia watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza moto. Kule Rutshuru mtambo wa umeme wa maji wa Matebe ulizinduliwa 2015. Halafu Ruzizi II si yetu peke yetu, tunagawana na Rwanda na Burundi.

Fundi wa Nguba: Matebe ni megawati zaidi ya 10, ndugu. Mimi nazungumzia kijito cha kijiji.

Mama wa Kadutu: Na Rwanda imeingiaje hapa? Mimi napika bugali kwa makala (mkaa), na magunia mengine yanatoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Hiyo pano inaivisha maharage?

Fundi wa Nguba: Ya wati 50? Haiivishi, mama.

Mwana Kabare: Makala wanakula nani kama si nyinyi wa mjini? Na yule fundi aliyesema waya utaibiwa bado hajaniomba radhi.