Gagarin na Krikalev: nani alistahili jina kubwa zaidi?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Ukimwuliza mtu yeyote amtaje mwanaanga wa Urusi, atasema Yuri Gagarin. Sina ugomvi naye. Lakini safari yake ya 12 Aprili 1961 ilichukua dakika 108 tu. Sergei Krikalev alitimiza siku 803 angani katika safari sita, na wengi hawajamsikia.

Mei 1991 aliondoka Baikonur, uwanja wa kurushia roketi, kwenda Mir, kituo kilichokuwa kikiizunguka dunia, akitarajia kurudi baada ya miezi mitano hivi. Akiwa huko juu, nchi iliyomtuma, Umoja wa Kisovyeti, ikasambaratika. Baikonur iko Kazakhstan, na Moscow ilitaka kuwaridhisha wenye ardhi, kwa hiyo kiti katika chombo kilichopanda Oktoba kikapewa mwanaanga wao, Toktar Aubakirov. Mhandisi wa kuchukua nafasi ya Krikalev hakuja. Akaombwa abaki, akabaki. Alirudi Machi 1992 baada ya siku 311. Hata mji wa Leningrad alikozaliwa palishabadilishwa jina.

— Mkuu, hapo nakupinga. Wewe unahesabu siku, mimi natazama hatari. Kabla ya Gagarin hakuna aliyejua kama akili ya binadamu itahimili kuelea bila uzito. Waliogopa hadi wakafunga usukani kwa namba ya siri, wakaitia kwenye bahasha ndani ya chombo. Tena chombo kile hakikufaa kutua na mtu ndani: alirushwa nje kilomita 7 kutoka ardhini, akashuka kwa parachuti. Krikalev alipita njia iliyokwisha kufyekwa.

— Kama ni siku, Krikalev naye keshapitwa na Gennady Padalka, kisha Oleg Kononenko aliyevuka 1,000. Mimi anayeniuma ni Gherman Titov. Asubuhi ile ya Gagarin alikuwa kavaa suti yake tayari, mtu wa akiba. Agosti mwaka huohuo akaizunguka dunia mara 17, akiwa na miaka 25. Akalala huko, akashikwa na kichefuchefu, na madaktari wakajifunza kupitia mwili wake. Leo nani anamtaja?

— Kuhusu Titov umenigusa, ndugu yangu, nakubali. Ila hoja yangu haikuwa siku peke yake. Chombo cha kurudia nyumbani kilikuwa pale pale, kimeunganishwa na Mir. Krikalev angeweza kupanda akashuka, kituo kikakosa mhandisi. Mke na binti mchanga walikuwa wanamsubiri, na hakushuka. Anayempinga anijibu hapo.