Nimeunguzwa uso kwa mashine ya mwanga na watu ambao hawakuitazama ngozi yangu

Nina rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso, kwa mwaka wa sita sasa: uso unaowaka kila nikipata joto, vipele vinavyodhaniwa kuwa chunusi, na mashavu yanayochoma hata kwa sabuni laini kabisa. Wiki tatu zilizopita niliingia kwenye kliniki moja ya ngozi nikauziwa kile walichokiita tiba ya kudumu kwa mashine ya mwanga wa mapigo. Leo nina alama nyeusi za mstatili kwenye mashavu yote mawili, zenye umbo lilelile la kichwa cha mashine yao.

Mimi ni mtu mweusi, na hilo halihitaji kipimo ili kuonekana. Kanuni ya tiba hii ilielezwa na watafiti Anderson na Parrish mwaka 1983: mwanga hufyonzwa na himoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu, iliyo ndani ya mishipa midogo iliyotanuka, ukageuka kuwa joto, na joto hilo likaufunga mshipa bila kuiunguza ngozi iliyo kando yake. Lakini melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo huufyonza mwanga huohuo, tena imekaa juu ya mishipa, kwa hiyo kwenye ngozi kama yangu mwanga huikuta melanini kabla haujaifikia damu. Mashine niliyopigwa nayo haitoi wimbi la urefu mmoja kama leza, bali hutoa mchanganyiko wa takriban nanomita 500 hadi 1200, na mawimbi mafupi ya mchanganyiko huo ndiyo yanayofyonzwa zaidi na melanini. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 hufyonzwa na melanini kwa kiasi kidogo zaidi, ndiyo maana wataalamu huipendelea kwa ngozi nyeusi, na hata hiyo huitumia kwa tahadhari. Nilipouliza kama wanayo, mhudumu alinijibu kwamba mwanga ni mwanga tu.

Hakuna aliyejaribu kwanza eneo dogo, tuseme nyuma ya taya, kisha akasubiri kuona ngozi itajibu nini. Hakuna aliyeniuliza kama nimekaa juani au ni dawa gani ninazomeza, ilhali nilikuwa natumia doksisaiklini, dawa inayojulikana kuifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Pigo la tatu lilinifanya nipige kelele. Nilisema wazi kwamba naungua, nikaambiwa maumivu ni dalili kwamba inafanya kazi, wakaendelea mpaka shavu la pili. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu kutojua kunaweza kusameheka, lakini mgonjwa anayesema anaungua hupaswa kusikilizwa papo hapo.

Na hata kama wangeniponya wekundu, mwanga usingeyamaliza matatizo yangu yote. Kazi yake kubwa ni kwenye mishipa inayoonekana na wekundu usioondoka, tena kwa vikao kadhaa, na wekundu unaweza kurudi kwa sababu rosasea ni ugonjwa wa muda mrefu. Vipele vyangu vilihitaji krimu ya ivamektini ya asilimia 1, au metronidazo, au asidi ya azelaiki, kama daktari wa ngozi niliyekimbilia baadaye alivyonieleza. Atasemaje mtu kwamba ananitibu milele, naye hajatenganisha kipele na mshipa?

Wanasema ngozi yangu ndiyo yenye tatizo. Nimewaomba mara tatu kumbukumbu ya kikao: kichujio kilichowekwa, nguvu ya kila pigo kwa sentimita ya mraba, muda wa pigo, na kama kichwa cha mashine kilipoozwa. Daktari wangu anazihitaji taarifa hizo ili ajue aanzie wapi, nao wananizungusha. Sitaki kupewa kikao cha bure cha kurekebisha, ambacho ndicho pekee walichonipa kama jibu. Nataka karatasi hiyo, na nataka fedha zangu. Kama kuna mwenye ngozi nyeusi aliyepata alama za aina hii, naomba anieleze zilichukua muda gani kufifia na alizitunzaje.