Naomba ushauri: utulivu wa msitu tukiwa ugenini Wundanyi

Salaam wenzangu. Mwezi wa nane tunatoka Malindi kwenda kwa wakwe Wundanyi, kwenye milima ya Taita, kupitia Mombasa na Voi. Nia ni kuwasalimu wazee, lakini moyo unatamani pia saa chache za kimya msituni, simu ikiwa imezimwa.

Ninavyojua, kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka takriban nyuzi 6, na mwezi huo ukungu wa asubuhi ni wa kawaida. Shida kubwa ni jasho: fulana ya pamba ikilowa kwenye mpando haikauki upesi, na ukikaa kitako nusu saa baridi inakuingia. Kwa hiyo fulana kavu ya kubadilisha ibaki mkobani, pamoja na koti la mvua na viatu vyenye meno, maana udongo ule ukilowa unateleza sana. Kandambili zetu za pwani hazifai kabisa.

Nasita kati ya Vuria, kilele cha mita 2,208 chenye minara ya mawasiliano, na msitu wa Ngangao, wenye ndege wasiopatikana popote duniani ila milima ya Taita. Kwa utulivu naona Ngangao unafaa zaidi.

Wenyeji, nisaidieni: ukungu hutanda mpaka saa ngapi? Ruhusa ya kuingia huombwa wapi? Na la muhimu zaidi, nimwageje mama mkwe asubuhi asihisi namkimbia?