Kufungua fremu ya ufundi ukiwa na usonji: bei, kelele na wateja

Fundi wa Printa, Dar es Salaam

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni fundi wa printa na kompyuta mpakato, na nilithibitishwa na daktari kuwa nina usonji (autism), hali ya kuzaliwa nayo inayogusa namna ninavyowasiliana na watu na ninavyostahimili kelele, nikiwa tayari mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuitwa mwenye maringo na watu ambao sikuwa nimewakosea lolote. Mpaka sasa nafanyia kazi nyumbani, Tabata, ambako mafundi wenzangu huniletea mashine zilizowashinda. Sasa nimepata fremu, yaani chumba cha duka, kule kwenye soko la Kariakoo, mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kabla sijatoa fedha naomba ushauri.

La kwanza ni kupatana bei. Nikishakagua mashine na kusema elfu arobaini na tano, hiyo ni hesabu ya kipuri, muda na faida yangu, mteja anapoanza "bosi, fanya thelathini, mimi si mtu wako?", sielewi kama hana fedha, ananipima au anatania, na mara nyingi nakubali ili maneno yaishe. La pili ni kelele: spika za matangazo, honi na watu watatu wanaonisemesha kwa pamoja hunifanya nishindwe kabisa kuongea, na aliye mbele yangu hudhani nimemnunia. La tatu, je, wateja niwaambie kwamba nina usonji? Ningependa kuwasikia hasa wenye hali hii au waliofanya biashara nao, kwa kuwa maneno ya kutiana moyo ninayo ya kutosha.

Mchapaji, Arusha

Ndugu yangu, mimi pia nina usonji na ninaendesha kazi ya kuchapa kadi, vitabu vya risiti na mabango madogo. Kuhusu bei, usingoje ujue kusoma nia ya kila mteja; panga utaratibu ambao hauhitaji ujue nia yake. Weka ada ya ukaguzi inayolipwa mashine inapopokelewa, bandika ukutani bei za kazi za kawaida, na kwa kazi nyingine tuma makadirio kwa ujumbe wa WhatsApp, ukitenganisha kipuri na ufundi, kisha usiguse kitu mpaka ajibu kwamba amekubali. Mteja anayeiona bei ya kipuri peke yake huacha kukuomba ushushe, au humwomba muuza vipuri.

Hata hivyo, kwetu kuomba kupunguziwa ni adabu ya sokoni kama ilivyo salamu, na anayekataa katakata huonekana amemfukuza mtu. Kwa hiyo amua mapema utampa nini anayeomba. Mimi sipunguzi fedha, naongeza kadi chache; wewe unaweza kuisafisha mashine yote bila malipo, kazi ambayo nadhani unaifanya tayari bila kuitaja.

Sasa nikuulize: kwa nini Kariakoo? Printa zinazolipa vizuri ziko maofisini, shuleni na kwenye stesheneri, na wenye nazo hawatembei wakizibeba. Humwita fundi au humtuma bodaboda. Fremu ya ghorofani, mtaa wenye utulivu, pamoja na mikataba michache ya matengenezo ya kila mwezi, itakupa wateja wanaokujua kwa kazi yako. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947, alijenga biashara ya kubuni mazizi na njia za kuswagia ng'ombe, na wateja aliwapata kwa kuwatandazia michoro na picha za kazi zake, kwa sababu mazungumzo ya kujinadi yalikuwa yakimshinda. Piga picha za mashine kabla na baada ya kutengenezwa. (Wengi watakutajia Elon Musk, ambaye mwaka 2021 alisema kwenye televisheni kwamba ana Asperger, aina ya usonji; kwa sisi tunaonunua kipuri kimoja kimoja, sioni tunachoweza kujifunza hapo.)

Dada wa Kaunta, Mwanza

Mdogo wangu ana usonji, anatengeneza redio na spika, nami nakaa mbele kupokea wateja. Kilichotusaidia zaidi ni karatasi ambayo mteja anaijaza kabla ya kuacha kifaa: ni cha aina gani, kiliharibika lini, kilikuwa kikifanya nini kilipozima, na nani alikifungua kabla ya kuletwa kwetu. Swali la mwisho hawalipendi, lakini ndilo linalomwokolea muda mwingi kuliko yote. Mimi siruhusiwi kumwahidi mteja siku ya kuchukua kifaa kabla fundi hajasema, na hakuna anayeingia chumba cha nyuma, hata mjomba.

Mhasibu Mstaafu, Dodoma

Kijana wangu, katika hilo la kuwaambia wateja, mimi nisingetaja jina la hali yenyewe, kwa maana wengi watasikia ugonjwa na kuihamisha mashine. Taja unachohitaji: "Tafadhali niandikie, simu sipokei nikiwa kazini." Hakuna atakayekuuliza sababu.

Kwa halmashauri, kinyume chake, itakupasa kusema. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, basi nenda kwa afisa maendeleo ya jamii na cheti chako cha daktari, ukaulize masharti ya sasa, na umwombe akupe kwa maandishi. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, nako uende mapema, asubuhi, kabla foleni haijajaa. Kodi ya makadirio, ile ya mapato wanayokadiriwa wafanyabiashara wadogo, hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na utaratibu wenye tarehe zisizobadilika nadhani hautakusumbua wewe kama unavyowasumbua wengine.

Fundi wa Printa, Dar es Salaam

Mzee, shikamoo, na nawashukuru nyote. Fremu ya Kariakoo nimeiacha. Nitatafuta chumba cha ghorofani. Karatasi ya maswali nimeshaiandika, nimeongeza la tano kuhusu wino uliotumika. Dada, ninaye binamu anayeweza kukaa kaunta, ila sijui nimlipe vipi ili tusije tukagombana.

Dada wa Kaunta, Mwanza

Mpe mshahara usiobadilika, pamoja na asilimia ndogo ya ada za ukaguzi, kwa sababu hizo ndizo anazozikusanya yeye. Usimpe asilimia ya kazi nzima, maana atakuwa akikuharakisha. Malipo yote yaingie kwenye lipa namba (namba ya kupokelea malipo kwa simu) yenye jina la biashara, hesabu mfunge jioni ileile, na muandikiane mkataba hata kama ni binamu. Mimi na mdogo wangu tunao, na mama yetu ndiye shahidi.